Hesabu Huanzia Kwenye Mafiga

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Uwe Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale au Kyangwali nchini Uganda, au Kakuma nchini Kenya, tunakusalimu. Leo tunazungumza na wewe mama, baba, bibi au dada mkubwa unayelea mtoto wa miaka 3 hadi 6. Labda mtoto wako hajapata nafasi shuleni. Labda wewe mwenyewe hukusoma sana, na unadhani hesabu ni kazi ya mwalimu. Sikiliza kwanza.

Mwambie mtoto akuhesabie. Huenda akataja moja hadi kumi bila kusita, nawe ukafurahi. Sasa mwekee mbele punje kumi za mahindi, umwambie: "Nipe nne." Watoto wengi wadogo watakupa punje zozote mkono ulizoshika. Usimgombeze. Mtoto huyo anajua wimbo wa namba, lakini bado hajajua kwamba "nne" ni kiasi. Akienda shuleni hivyo, kujumlisha na kutoa kutakuwa kukariri tu. Na hili unaweza kulirekebisha hapo nyumbani, bila daftari wala kalamu.

La kwanza: kitu kimoja, neno moja. Wakati wa kula mwambie, "Tuko watu watano, lete vikombe vya kututosha." Amgawie kila mtu kimoja. Kikipungua au kikizidi, ataona mwenyewe. Anapohesabu, aguse kila kitu kwa kidole mara moja tu, asiruke wala asirudie.

La pili: neno la mwisho ndilo jibu. Akimaliza kuhesabu, muulize, "Viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajaelewa. Msaidie: "Moja, mbili, tatu. Viko vitatu." Kaa kwenye tatu kwa siku kadhaa kabla ya kwenda nne na tano. Usiwe na haraka ya kufika ishirini.

La tatu: kutawanya si kuongeza. Panga mstari wa maharagwe matano, na chini yake mstari mwingine wa matano. Kisha utanue mmoja. Mtoto mdogo atasema mstari mrefu una mengi zaidi. Usibishane naye. Mwache aoanishe haragwe la juu na la chini, moja kwa moja, mpaka aone hakuna lililobaki. Watoto wengi hulielewa jambo hili wakikaribia miaka 6 au 7, kwa hiyo vumilia.

Sasa twende kwenye maumbo. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Moto ukishazimika na mawe yamepoa, mwambie mtoto ayahesabu mafiga: matatu. Chora kwa kijiti mstari kutoka figa moja hadi jingine. Mmepata pembetatu: pande tatu, pembe tatu. Kisha mzunguke, muitazame kutoka upande mwingine. Watoto wengi hudhani pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini si pembetatu tena. Muulize, "Pande ngapi? Pembe ngapi?" Ahesabu, ajibu mwenyewe.

Mfuniko wa sufuria ni duara, hauna pembe. Mche wa sabuni una uso wa mstatili: pande mbili ndefu, mbili fupi. Kitambaa chenye pande nne sawa na pembe zinazolingana ni mraba. Ukikikunja kona kwa kona, unapata pembetatu. Mwache akunje na kukunjua mara nyingi.

Wazazi wengi hujiuliza: nimfundishe kwa lugha gani? Ni swali la haki. Nyarugusu, watoto wa Kongo na wa Burundi wamekuwa wakifundishwa kwa mitaala ya nchi zao. Uganda na Kenya, watoto hufuata mtaala wa nchi waliyofikia. Na hakuna ajuaye familia itakuwa wapi kesho. Jibu ni hili: tumia lugha unayoizungumza vizuri zaidi, iwe Kiswahili, Kibembe, Kirundi au Kinyarwanda. Mtoto anayejua nne ni ngapi hatajifunza nne upya kwa Kiingereza au Kifaransa. Atajifunza jina lake tu.

Wazee nao ni walimu. Igisoro ya Burundi na Rwanda, na omweso ya Uganda, huchezwa kwa mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hupanda kete moja moja kila shimo. Chimba mashimo manne tu kwenye udongo, umwachie babu au bibi acheze na mjukuu.

Tahadhari moja: mtoto wa chini ya miaka 3 asichezee maharagwe, punje wala vifuniko vya chupa. Anaweza kuvimeza vikamkaba, au kuviingiza puani. Mpe vikombe au vijiko. Na hata aliye mkubwa, kaa naye, kisha okota punje zote mkimaliza.

Kazi ya wiki hii: kila jioni, kabla ya kula, mtoto agawe vikombe na kukuambia viko vingapi. Dakika tano zinatosha. Akikosea, hesabuni pamoja. Akipatia, mwambie umeona. Tukutane wiki ijayo. Kwaheri.

(Muziki wa kufunga kipindi.)