Plantagenet: Jina Ambalo Wafalme Hawakulitumia

Vitabu vya historia vinawaita Plantagenet wafalme wote wa Uingereza kuanzia Henry wa Pili, aliyetawazwa mwaka 1154, hadi Richard wa Tatu, aliyeuawa vitani Bosworth mwaka 1485. Inaelezwa kwamba jina linatokana na genista, kichaka cha maua ya manjano, kwa kuwa Geoffrey wa Anjou, baba yake Henry, alizoea kuchomeka kitawi chake kofiani. Wengine husema alivipanda vichaka hivyo ili wanyama wa kuwinda wapate maficho. Lakabu yenyewe ni ya kweli, maana waandishi wa karne ya 12 waliitaja; sababu yake ndiyo iliyobaki simulizi. Lakini hata tukikikubali hicho kitawi, kinatueleza habari za mtu mmoja tu, tena ambaye hakuwahi kuvaa taji la Uingereza. Haki ya Henry ilitoka kwa mama yake, Matilda, binti wa Henry wa Kwanza. Asili ya Plantagenet kama jina la ukoo itafutwe karne tatu baadaye.

Katika muda huo wote wana wa wafalme walijulikana kwa mahali walipozaliwa, kama John wa Gaunt, aliyezaliwa Ghent. Aliyeifufua lakabu ya Geoffrey ni Richard wa York, mwishoni mwa miaka ya 1440, na mwaka 1460 alipodai taji Bungeni alitajwa kwa jina hilo. Alilihitaji kwa sababu hoja yake nzito ilipitia kwa wanawake: mama yake, Anne Mortimer, alitokana na Lionel, kaka mkubwa wa John wa Gaunt, na Mfalme Henry wa Sita alikuwa wa uzao wa John. Jina la Geoffrey lilitangaza kwamba hata kwa upande wa baba Richard alikuwa wa damu ya kifalme isiyokatika.

Mtu atapinga kwamba Henry wa Sita naye alikuwa wa damu hiyohiyo. Ni kweli kabisa. Ila Richard alishindana pia na akina Beaufort, uzao wa John wa Gaunt uliozaliwa nje ya ndoa, ukahalalishwa mwaka 1397, kisha mwaka 1407 ukazuiwa kurithi taji. Kwao hao jina lilikuwa na makali. Wanahistoria wa leo wanalitumia kwa urahisi wa kupanga nasaba, na sioni ubaya, ingawa wengi wao huwaita Henry wa Pili na wanawe, Richard na John, Waanjou, kwa kuwa Anjou ilikuwa bado mikononi mwao hadi John alipoipoteza.