MUZEE HAKOJOI TANGU JANA: MUSINGOJE



Ninyi munaokaa na wazazi wazee, leo tunawaomba muangalie kitu ambacho watu wanaona haya kukisema: mukojo wa muzee.

Mafigo yanasafisha damu muchana na usiku, na uchafu unatoka pamoja na mukojo. Mutu mukubwa anakojoa karibu litri 1 mupaka 2 kwa siku. Ikishuka chini ya nusu litri, kuna hatari. Mafigo ya muzee yanaweza kusimama kwa siku moja ao mbili tu, na mara nyingi hayaumi hata kidogo.

Sababu kubwa ni mwili kukauka. Muzee anaharisha, anatapika, ao ana malaria kali. Kiu ya wazee imepunguka, kwa hiyo hataomba maji. Damu haifiki tena vizuri kwenye mafigo. Halafu mutoto mwema anakimbia sokoni kumununulia vinini vya maumivu, ibuprofeni ao diklofenaki. Vinini hivi vinazidi kupunguza damu ya mafigo! Dawa ya miti ya kupitisha nyuma nayo inazidisha kuharisha.

Akianza kuharisha, siku ile ile mutayarishe litri 1 ya maji yaliyochemushwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo. Lakini kama miguu imevimba, pumzi inamukatika, ao hakojoi tena kabisa, musimulazimishe kunywa. Mumulete mara moja.

Kwa wanaume kuna jambo lingine: prostati inavimba na kufunga njia. Mukojo unajaa, chini ya kitovu panakuwa pagumu, yanatoka matone tu. Munganga anapitisha mupira mwembamba, mukojo unatoka, na mara nyingi mafigo yanaanza tena kazi, kama hakukawia. Wazee wetu wanaficha jambo hili mbele ya wakwe. Basi mutoto wake mwanaume amuulize wakiwa wawili tu.

Muzee akilala sana na kuchanganya maneno, musiseme ni uzee. Mashini za kusafisha damu ni chache katika inchi yetu, na bei yake ni kali.

Mukija dispensari, mulete vinini vyote anavyokunywa, vya tansio na vya sokoni pia. Hatutamugombeza mutu.