Sura ya Sita: Siku Mshinde Alipotangazwa Mshindi

Kila mazungumzo yanapofika kwenye kura za maoni, haichukui muda mtu kuitaja picha ile: Rais Harry Truman wa Marekani, amecheka mpaka meno yote nje, ameliinua juu gazeti la Chicago Daily Tribune ambalo kwa herufi nene linatangaza kwamba mpinzani wake, Dewey wa chama cha Republican, amemshinda. Gazeti ni la tarehe 3 Novemba 1948, na picha ilipigwa kesho yake katika stesheni ya treni ya St. Louis. Ni kichekesho cha haki, na kinastahili kuchekwa. Lakini kicheko hicho kimezaa maelezo mawili potofu ambayo hata wasomi huyarudia: kwamba watafiti wa maoni walikosea kwa kuwapigia simu matajiri, na kwamba walikosea kwa kuuliza watu wachache. Yote mawili si kweli, na anayeyaamini atadanganyika tena katika uchaguzi ujao. Nitaanza na gazeti, nije kwa watafiti, kisha nifikie kura za maoni za siku hizi.

Kosa la gazeti lenyewe ni rahisi kulieleza. Wapanga chapa wa Chicago walikuwa wamegoma tangu mwaka uliotangulia. Bila wao, habari zilipigwa taipureta, kurasa zikapigwa picha, ndipo zikachorwa kwenye mabamba ya kuchapia. Njia hiyo ililazimisha gazeti kwenda mtamboni saa kadhaa kabla ya kawaida, na uchapaji wake ulikuwa wa kubahatisha: katika toleo hilohilo mistari mitano ya habari moja ilitokea kichwa chini miguu juu. Kura nyingi zilikuwa hazijahesabiwa, kwa hiyo wahariri walimtegemea Arthur Sears Henning, mwandishi wao wa Washington, aliyekuwa amepatia matokeo ya chaguzi nne kati ya tano zilizopita. Henning akasema Dewey, na nakala zipatazo 150,000 zikachapishwa. Tribune halikuwa peke yake. Siku chache kabla, jarida la Life lilitoa picha ya Dewey akivuka ghuba ya San Francisco kwa kivuko, likamwita rais ajaye. Newsweek liliwauliza waandishi 50 wa siasa nani atashinda, na wote 50 wakamtaja Dewey. Truman akapata kura 303 za wajumbe wa uchaguzi, Dewey 189.

Wote hao walitegemea kura za maoni, na hapo ndipo upotofu unapoanza. Habari ya simu imetoholewa kwenye uchaguzi mwingine kabisa, wa 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi milioni 10 kwa njia ya posta, likichukua anwani kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zilirudi zaidi ya milioni mbili, likatabiri ushindi wa Alfred Landon wa Republican, na Franklin Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Mwaka huohuo mtafiti wa maoni George Gallup aliuliza watu wapatao 50,000 tu na kumtaja mshindi sahihi. Mfano huu unayazika maelezo yote mawili kwa mpigo. Mwaka 1948 wahoji wa Gallup walizungumza na watu ana kwa ana. Na kuhusu wingi, milioni mbili walikosea pale elfu hamsini walipopatia. Mnunuzi wa mpunga huchoma gunia kwa bambo akatoa kiganja kimoja, na kiganja hicho kinamtosha ikiwa bambo linafika popote ndani ya gunia. Kama linaishia juu, ambako muuzaji amepanga punje nzuri, hata akichoma mara mia hajui anachonunua. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli hutoa jibu ambalo, mara 95 katika 100, halipishani na ukweli kwa zaidi ya pointi tatu hivi za asilimia. Swali ni nani aliyewachagua.

Mwaka 1948 aliyewachagua alikuwa mhoji mwenyewe, na hapa inafaa tusogee karibu tuone kazi ilivyofanyika. Mhoji mmoja wa Gallup huko St. Louis alipangiwa watu 13. Sita wawe wa pembezoni mwa mji, saba wa katikati. Wanaume saba, wanawake sita. Kati ya wanaume hao watatu wawe chini ya miaka 40, mmoja awe mweusi, na hata kodi ya nyumba waliyolipa iliwekewa viwango. Kwa mpango huo sampuli ilifanana na taifa kwa jinsia, umri, rangi na kipato. Inaonekana imekamilika, na ndiyo maana iliwateka watu makini. Lakini ilimradi idadi za mafungu hayo zitimie, mhoji alikuwa huru kumuuliza yeyote, na mtu aliye huru huenda kwenye urahisi: mtaa mzuri zaidi, nyumba yenye mkazi wa kudumu, mtu aliyesoma na asiyeona tabu kujibu maswali. Ndani ya kila fungu, watu wa namna hiyo waliegemea kidogo chama cha Republican. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mfumo wenyewe ulipinda.

Tunajua ulipinda kwa sababu kosa halikuanza 1948. Gallup aliwapa Republican asilimia 44 mwaka 1936, wakapata 38. Mwaka 1940 aliwapa 48, wakapata 45. Mwaka 1944 aliwapa 48, wakapata 46. Mwaka 1948 aliwapa karibu 50, wakapata 45. Mara nne mfululizo, upande uleule. Mara tatu za kwanza Roosevelt alikuwa mbele kiasi kwamba kosa halikubadilisha jina la mshindi, basi watu wakampongeza Gallup. Wangepima umbali kati ya namba na namba, wangeugundua ugonjwa miaka 12 kabla. Hoja nzima ya sura hii imo humo: kumtaja mshindi si kuthibitisha njia. Rekodi ya Henning ilikuwa nzuri kwa kipimo hichohicho kibovu.

Wapo wanaosema kwamba wapiga kura walibadili nia dakika za mwisho, Truman alipozunguka nchi nzima kwa treni. Ni hoja nzito. Mtafiti mwingine wa maoni, Elmo Roper, aliacha kuuliza mwezi Septemba, akiamini mambo yamekwisha, na kamati ya wataalamu iliyochunguza mkasa huo ililitaja kosa la kuacha mapema pamoja na la sampuli. Lakini mabadiliko ya Oktoba 1948 hayawezi kueleza makosa ya 1936, 1940 na 1944. Kuacha mapema kuliongeza mzigo juu ya ngamia aliyekwisha kulemewa. Wengine hukataa kura zote za maoni kwa kuwa hawajawahi kuulizwa wao. Nchi yenye watu mamilioni ikiuliza elfu moja, kutoulizwa ndiyo hali ya kawaida ya karibu kila mtu.

Gallup amekula nafasi kubwa kuliko nilivyompangia, lakini aliyemwelewa hahitaji maelezo marefu kuhusu leo. Kura za mitandaoni ambazo kila mwenye simu anabonyeza apendavyo ni Literary Digest lilelile: laki tatu waliojichagua hawaoneshi chochote zaidi ya kujichagua kwao. Na mnajimu anayetamba kwamba alimtaja rais kabla ya uchaguzi asipewe hata dakika moja redioni. Wagombea wakiwa wawili, nusu ya wabashiri watapatia hata wakifumba macho, na tutawasikia hao tu. Mtu akikuletea utabiri, muulize watu walichaguliwaje, na ni nani aliyekuwa na uhuru wa kuwaruka wengine. Kisha omba namba zake za chaguzi zote zilizopita uzilinganishe na matokeo, hasa pale alipopatia.