Kupitwa na cheo ukiwa likizo ya uzazi

Anayefutwa kazi hupewa barua yenye tarehe na sahihi. Anayenyimwa cheo hapewi chochote. Pengine ndiyo sababu kina mama wengi hudhani sheria haiwahusu mpaka wafukuzwe.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito, na kupandishwa cheo kumetajwa humo waziwazi, pamoja na kuajiriwa, mafunzo na kuachishwa kazi. Kifungu cha 29 kinampa mama miezi 3 ya likizo kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kwenye kazi yake ileile, au nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyopungua ya kwanza.

Sheria haimgawii mtu cheo, ila inamtaka mwajiri ampime sawa na wenzake. Aliyechaguliwa akiwa bora kweli, hakuna kosa. Kosa ni pale mimba au likizo inapogeuzwa kipimo.

Tuchukue mfano wa hoteli ya Diani. Mhudumu wa vyumba aliyekuwa akikaimu usupavaiza anajifungua Oktoba. Desemba watalii wanajaa, mwenzake anashika zamu zake. Tangazo la nafasi linabandikwa kwenye ubao wa kantini, naye yuko kwao Msambweni ananyonyesha, wala hakuna anayempigia simu. Akirudi Januari, mwenzake ameshathibitishwa. Fomu yake ya tathmini ina alama za chini, kwa kuwa miezi ya likizo imehesabiwa kama miezi ya uzembe. Akiuliza, meneja anamjibu kwa upole: "Dada, si kwamba hufai. Ila una mtoto mchanga, na kazi hii ina zamu za usiku."

Huenda meneja anadhani amemhurumia. Kisheria, amejitolea ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Kifungu hichohicho cha 5 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Hata hivyo, mfanyakazi haendi kortini mikono mitupu. Lazima kwanza aonyeshe kwamba nafasi ilikuwepo, sifa alikuwa nazo, alirukwa, na kuna dalili kwamba mimba au likizo ndiyo iliyomponza. Hapo ndipo mwajiri hutakiwa kujieleza. Mwaka 2013, katika kesi ya GMV dhidi ya Bank of Africa Kenya, Jaji James Rika aliamua kwamba mfanyakazi alibaguliwa kwa ajili ya ujauzito. Ile ilikuwa kesi ya kuachishwa kazi, lakini kifungu cha 5 kinalinda cheo vilevile.

Vibarua wa msimu nao wasijitoe. Chini ya kifungu cha 37, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa na mkataba wa mwezi. Akiendelea hadi miezi 2, anastahili masharti ambayo angepata kama hakuanza kwa kibarua.

Kwa hivyo, kabla ya likizo, toa notisi kwa maandishi angalau siku 7 mbele, na katika barua hiyohiyo omba kujulishwa nafasi zikitokea. Weka nakala yake pamoja na tathmini zako za nyuma. Ukirudi ukakuta umerukwa, andika tena uulize vigezo gani vilitumika na wewe ulipimwaje. Jibu lisiporidhisha, mwone mwakilishi wa chama, ambacho kwa wafanyakazi wa hoteli ni KUDHEIHA, au afisa wa kazi. Ikishindikana, iko Korti ya Ajira na Uhusiano wa Kazi, Mombasa.

Muda wa kushtaki ni miaka 3, lakini barua ya kuuliza usiicheleweshe hata mwezi. Mameneja wa hoteli huhamishwa, matangazo hubanduliwa ubaoni, na wenzako walioyasikia maneno yale hutawanyika msimu ukiisha.