Fahamu: Jinsi ukuta bapa unavyopata kina

Katika kanisa la Santa Maria Novella, mjini Florence, Italia, kuna ukuta bapa unaoonekana kana kwamba umetobolewa. Mchoraji Masaccio alichora hapo Utatu Mtakatifu karibu na mwaka 1427, na juu ya msalaba wa Yesu uliomo katika mchoro huo akaweka dari la tao lenye miraba inayopungua ukubwa kadiri inavyorudi nyuma. Siri yake ni hesabu. Mistari ambayo katika jengo halisi ingekwenda sambamba kuelekea ndani, hapa inakutana kwenye nukta moja, karibu na kimo cha macho ya mtazamaji aliyesimama. Alama za mistari hiyo, zilizokwaruzwa kwenye lipu, bado zipo. Mwaka 1435 mwanazuoni Leon Battista Alberti aliiandika kanuni hiyo kwa ajili ya wachoraji.

Wapo wanaosema kwamba basi picha inayofuata kanuni hiyo ndiyo picha ya kweli ya dunia, wala si kiini macho. Sikubaliani nao. Hesabu hiyo ni sahihi kwa jicho moja tu, lililotulia mahali pamoja, ilhali sisi tuna macho mawili yasiyotulia. Kina tunachokiona ukutani hukamilishwa na ubongo, uliozoea kusoma udogo kama umbali. Tena hesabu hiyo si njia pekee ya kuonyesha kina: nchini China, mwaka 1072, mchoraji Guo Xi aliipa milima aliyoichora umbali mkubwa kwa ukungu na kwa kuitazama kutoka pande kadhaa, bila nukta hiyo moja.