Zoezi Linalojisahihisha: Darasa la Kompyuta la Feri

Mara nyingi katika kurasa hizi tumewaletea habari za visima, vikoba na mizinga ya nyuki, mambo ambayo mgeni akifika anayaona kwa macho. Safari hii tunaeleza kazi ambayo mgeni akiingia darasani haoni kitu, isipokuwa vijana walioinamia kompyuta kuukuu, na mara mojamoja mmoja wao anapiga kofi mezani kwa furaha. Baadhi ya kamati za parokia zimetuuliza kwa nini darasa letu la Feri liliomba fedha za "kuandika mazoezi", wakati mazoezi yamejaa vitabuni. Swali ni la haki, na tunalijibu hapa.

Darasa liko mwendo mfupi kutoka kivukoni. Wanafunzi wengi ni watoto wa sokoni: mama anakaanga samaki, kaka anapara, mjomba ni dalali wa mnada. Soko lenyewe, lililojengwa kwa msaada wa Serikali ya Japani na kuanza kazi mwaka 2002, huamka kabla ya jua. Kwa hiyo kijana anayefika darasani saa 9 alasiri amekwisha kufanya kazi ya siku nzima, na ana saa mbili tu za kukaa nasi. Wanafunzi ni 22, mwalimu ni mmoja. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Kujifunza kuandika programu kunafanana na kujifunza cherehani. Kusikiliza hakutoshi, lazima ushone, ukikosea ufumue, ushone tena. Lakini mwanafunzi wa ushonaji huona mwenyewe kwamba mkono wa shati umepinda. Anayeandika programu anaweza kuwa na kosa asilione: programu inakubali, inatoa majibu, na majibu ni ya uongo. Mwalimu wetu alikuwa akizunguka kukagua kazi moja baada ya nyingine, na kabla hajawafikia wa mwisho muda umekwisha. Waliobaki walinakili ubaoni. Tulitoa vyeti. Baadaye tulipowapa waliohitimu kazi ndogo ya kuandika wenyewe, wengi walishindwa. Katika ripoti ya mwaka ule hatukulieleza jambo hilo kama lilivyostahili, na tunalikiri leo mbele ya waliotuchangia.

Dawa tuliyoipata si uvumbuzi wetu. Mwaka 1997 watu wawili, Kent Beck na Erich Gamma, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, walianza kuandika JUnit, programu ambayo kazi yake ni kuzijaribu programu nyingine. Njia hiyo ilienea viwandani, kisha ikaingia madarasani. Mwaka 2013 Katrina Owen alianzisha Exercism, mkusanyiko wa mazoezi ya bure ambayo kila moja huja na majaribio yake. Jirani zetu wa Kenya nao waliidhinisha mwaka 2022 mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari.

Kwa nini basi tusichukue mazoezi hayo yalivyo? Tulianza hivyo. Lakini maelezo yako kwa Kiingereza, na zoezi mojawapo ni la kuhesabu pointi za mchezo wa bowling, ambao mwanafunzi wetu hajawahi kuuona. Akishindwa, hujui kama ameshindwa programu, Kiingereza au bowling.

Zoezi letu la kwanza lilihusu pantoni. Mwanafunzi hupewa karatasi yenye maelezo machache, faili lenye fanksheni tupu ya kujaza, na faili la pili lenye majaribio. Anatakiwa kuandika programu inayopokea idadi ya watu wazima na bei ya tiketi, itoe jumla ya nauli. Kwa bei ya shilingi 200, watu 3 watoe jibu 600. Asipokuwepo mtu, jibu liwe 0. Mtu akiandika watu -2, programu ikatae. Mwanafunzi akimaliza anaendesha majaribio, na kompyuta inamwambia palepale ni lipi limepita na ni lipi limekwama. Hasubiri mwalimu. Mwaka 2012 nauli ya kuvuka kwenda Kigamboni ilipopanda kutoka shilingi 100 hadi 200, aliyekuwa na programu ya namna hii angebadilisha tarakimu moja tu na kuendesha majaribio yake upya.

Zoezi la saa ndilo lililotufundisha sisi wenyewe. Tuliwataka wageuze saa ya Kiswahili iwe ya tarakimu 24 kama simu inavyoonyesha. Saa 1 asubuhi ni 7, saa 3 asubuhi ni 9. Tuliweka majaribio ya namna hiyo tu, na kijana mmoja akaandika programu inayoongeza 6 kwa kila namba. Yote yakapita. Kumbe kwa programu yake saa 12 asubuhi, wakati jua linachomoza upande wa Kigamboni, inakuwa 18, yaani jioni! Kosa halikuwa lake, sisi ndio tuliopima penye urahisi. Mwingine aliorodhesha majibu yetu yaleyale bila hesabu yoyote, naye akapita. (Tulicheka, lakini alikuwa ametuzidi akili.) Tangu hapo kila zoezi lina majaribio ya mipakani, saa 6 na saa 12 za mchana na za usiku, pamoja na mengine ambayo mwanafunzi hayaoni.

Kosa kubwa lilikuja baadaye. Tuliandika kwamba saa 6 usiku jibu ni 24. Binti mmoja, anayemsaidia mama yake kukaanga samaki, aliandika programu iliyotoa 0. Kompyuta ikamwambia amekosea. Alirudia siku mbili, siku ya tatu hakuja. Mwalimu alipomfuata sokoni, binti alitoa simu na kumwonyesha: usiku wa manane simu huandika 00:00. Yeye alikuwa sahihi, jaribio letu lilikuwa na kosa. Tulimwomba radhi mbele ya darasa, naye akarudi. Tunalieleza hili kwa sababu jaribio baya humvunja moyo mwanafunzi kwa sauti ya mashine, na watu huamini kwamba mashine haikosei. Sasa hakuna zoezi linalotolewa kabla mwalimu hajaliandikia jibu sahihi na kuliona linapita, kisha majibu mabovu matatu na kuyaona yanakwama, na mwanafunzi mmoja wa zamani kulisoma. Binti huyo ndiye msomaji wetu.

Hapo ndipo fedha zinapokwenda. Lugha ya Python ni ya bure, na tangu mwaka 2001 huja na chombo chake cha majaribio, hivyo hatuhitaji bando wala intaneti. Kompyuta kuukuu zinatosha. Kinachogharimu ni muda wa mwalimu. Zoezi moja zuri humchukua karibu siku mbili, na mpaka sasa tunayo 31.

Kamati zenye kompyuta katika kumbi zao zinaweza kuja na flashi ofisini, tutawanakilia mazoezi yote bila malipo. Tunaomba tu kwamba mwanafunzi wenu akibishana na jaribio, msimnyamazishe. Andikeni alichosema na mtuletee.