Usaili wa Kazi: Kujibu Swali Kuhusu Mdau Mgumu

Usaili ni mazungumzo rasmi kati ya mwajiri na mwombaji kazi, yanayolenga kupima kama mwombaji anaifaa kazi aliyoiomba. Watahiniwa wengi huisoma mada hii haraka haraka kwa kudhani kuwa usaili ni jambo la wahitimu wa vyuo vikuu. Si kweli. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, vijana wenye cheti cha kidato cha nne waliomba kazi ya ukarani wa sensa na wakaitwa kwenye usaili. Hapa Kyela kijana mwenye cheti hicho anaweza kuomba kuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) kinachokusanya kakao. Kote huko kuna swali ambalo ni nadra kukosekana: "Tueleze siku uliyofanya kazi na mtu mgumu. Ulifanya nini?"

Katika matangazo ya kazi mtu huyo huitwa mdau, yaani mtu au kundi lenye maslahi katika kazi inayofanyika. Chukua kituo cha kukusanyia kakao. Mkulima ni mdau, mnunuzi anayeshindana kwenye mnada ni mdau, mtunza ghala, afisa ushirika na halmashauri inayodai ushuru wake nao ni wadau. Kila mmoja ana lake. Kwa hiyo mdau mgumu si lazima awe mtu mbaya. Mara nyingi ni mtu anayetaka kitu ambacho taratibu za kazi haziruhusu kwa wakati ule.

Majibu mawili huwaangusha wasailiwa. La kwanza ni "Mimi sina shida, naelewana na watu wote." Jibu hilo nililitoa mimi mwenyewe nilipotoka chuoni, kwenye usaili wa taasisi ambayo sitaitaja. Mjumbe mmoja alinitazama, akaandika kitu, akapita swali la pili. Sikuitwa tena. Aliyeulizwa tukio akijibu kwa sifa hajajibu swali. La pili ni la kumsema mtu: "Yule mzee alikuwa mbishi, hajasoma, anapenda fujo." Wajumbe hujiuliza: huyu akitoka hapa, sisi atatusemaje?

Utasema hujawahi kuajiriwa. Haidhuru. Tumia tukio la kweli la ukiranja, la kwaya, la timu ya mpira au la genge la mama. Jibu lako lieleze palikuwa wapi na nini kilitokea, wewe ulikuwa na wajibu gani, ulichukua hatua zipi na mwisho ulikuwaje. Sehemu yenye uzito ni hatua. Hapo ndipo utumie muda mwingi. Soma mfano huu:

"Ndugu wajumbe, wakati wa likizo nilikuwa nikimsaidia karani kwenye kituo cha kakao kijijini kwetu. Kazi yangu ilikuwa kupanga foleni na kuandika majina. Siku moja babu mmoja alileta kakao ambayo haijakauka, karani akaikataa. Babu akapaza sauti kuwa tunawaibia wakulima, na watu kwenye foleni wakaanza kumuunga mkono. Nilimwamkia, nikamwomba tukae pembeni, nikamwacha aseme mpaka amalize. Kumbe alikuwa na mjukuu anayedaiwa ada, na alijua kuwa kwa stakabadhi ghalani hela haiji siku ileile, husubiri mnada. Kila siku ya kuchelewa ilimuumiza. Nilimwambia nimemwelewa, lakini sikumwahidi tarehe ya malipo kwa sababu siijui. Kisha nilichota kakao iliyokubaliwa nikaibana kiganjani, ikalia. Nikambanishia ya kwake, haikulia. Nikamweleza kuwa yenye maji ikiingia ghalani huota ukungu, na mnunuzi akiuona hushusha bei ya mzigo wote, wake na wa wenzake. Nikamwomba karani ruhusa babu aianike kwenye turubai la kituo. Baada ya siku mbili za jua ilipokelewa. Kilo zilikuwa zimepungua, akanung'unika tena. Nikamweleza kuwa kilichopungua ni maji. Hakufurahi sana, lakini msimu ule aliendelea kuleta kakao kituoni."

Tazama vitenzi: nilimwamkia, nikamwomba, nilimwambia, nikamweleza. Ni nafsi ya kwanza umoja. Msailiwa anayesema "tulisikiliza, tukatatua" anawaacha wajumbe wasijue yeye alifanya lipi. Tazama pia kwamba hakudai ushindi mkubwa. Babu alinung'unika, na msailiwa akalisema hilo. Jibu ambalo kila mtu ndani yake anaishia kucheka na kupeana mikono hunuka uongo, na wajumbe wa Kyela wanawajua wakulima wa kakao kuliko wewe. Kuhusu ukavu, kakao inayofaa kuhifadhiwa huwa na unyevu wa takribani asilimia 7. Ukiomba kazi kwenye zao, jua namba kama hizo.

Baada ya jibu hutokea swali la nyongeza, na hapa wengi huyumba: "Na kama yule babu angekuwa baba yako mkubwa?" Katika vijiji vyetu swali hili si la kubuni, karibu kila aliye kwenye foleni ni ndugu, jirani au mtani. Usijibu kwamba kazini huna ndugu. Hakuna atakayeamini, na si adabu. Sema kwamba heshima ya salamu ungempa vilevile, ila kipimo kingekuwa kilekile cha wengine, na kupima ungemwachia karani mwenzako ili asiwepo wa kusema umependelea.

Kazi ikibadilika, mdau naye hubadilika. Karani wa sensa hukutana na mkuu wa kaya anayekataa kuhesabiwa kwa kuogopa kodi. Hapo jibu zuri hutaja kuwa Sheria ya Takwimu inalinda siri ya taarifa za mtu, na kuwa ungefuatana na mwenyekiti wa kitongoji anayefahamika. Mwalo wa Matema una wavuvi wa usipa wasiotaka kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) kikague nyavu zao. Sikiliza kwanza wanahofia nini.

Zoezi
1. Andika dayolojia kati ya wajumbe wawili na msailiwa anayeomba kazi ya kukata tiketi za meli katika bandari ya Itungi. Wamuulize kuhusu abiria aliyekataa kulipia mzigo wake.
2. Taja tukio moja la kweli ulilowahi kukutana nalo shuleni au nyumbani, kisha lieleze kama jibu la usaili kwa maneno yasiyozidi 150. Pigia mstari vitenzi vinavyoonyesha hatua ulizochukua wewe mwenyewe.